Ufunguo Shingoni

Miaka tisa nimeuvaa kwa uzi wa kitani,
ufunguo wa kanisa letu la mawe kando ya lami,
huku Kano, ambako mto Nyando huanza kuchoka
ukatembea polepole kama mjamzito.
Mimi Dorsila, mweka hazina.
Pasipo mimi, hata mchungaji alisimama mlangoni.

Nilikitaka kile kiwanja cha kilimani, Mungu ni shahidi.
Kilima gani! Kichuguu tu, kimo cha ng'ombe wawili,
lakini Kano, palipo tambarare kama sinia,
kichuguu nacho hujiita mlima.
Nilifunga siku ishirini na moja.
Nilikwenda kwa chifu, nikaenda Ahero,
nikaenda Kisumu mahakamani,
faili kwapani, zaburi mdomoni.
Wakapewa Wasabato.
Wakasimamisha kibanda cha udongo
chenye mabati yaliyotoboka misumari ya zamani,
nami nikamwambia Mungu, kwa adabu lakini kwa ukali:
Baba, hapa umekosea hesabu.

Tukajenga bondeni. Tukanunua kipaza sauti,
tukakielekeza kwao kila Jumamosi asubuhi,
eti kwaya inafanya mazoezi.

Ikaja ile Alhamisi ya Aprili.
Mvua haikuwa yetu; ilinyesha juu kwa wenzetu, Nandi.
Sisi tulilala chini ya nyota.
Saa nane usiku maji yakapiga hodi
kwa sauti ya sufuria zikigongana chini ya kitanda.

Sikumbuki nani alinibeba. Nakumbuka mgongo,
nakumbuka harufu ya sabuni ya kipande.
Kulipokucha nilikuwa juu ya benchi, ndani ya kibanda kile,
nimefunikwa leso ya Yunia Aoko,
Yunia, ambaye mbele ya hakimu nilimwita "jirani"
kama mtu anavyotaja kunguni.

Hakusema neno. Laiti angesema.
Aliuliza tu: Majani ya chai, nani anayo?
Yeye chai hanywi, imani yake haimruhusu;
miaka thelathini jiko lake halijanusa majani.
Akaipika kwenye sufuria ya uji, akaikoleza mno,
ikawa chungu kama shubiri, maana hakujua kipimo.
Akatugawia watu wa Jumapili, mmoja mmoja,
kisha akasimama akingoja, kama mtoto, aambiwe imeiva.
Nikanywa. Nikasema, tamu.
Huo ndio uongo pekee ambao sijautubu.

Siku kumi na moja. Jumamosi tulinyamaza, wakaomba.
Jumapili walitoka nje kwenye tope, wao na watoto wao,
ili sisi tupate pa kupiga magoti.
Jumapili ya pili hawakutoka.
Hakuna aliyepitisha azimio.

Lakini msinitake niseme niliokoka kwa imani yangu.
Hezbon Ogweno wa kando ya mfereji,
aliyetuombea alfajiri kwa majina, makanisa yote,
tulimpata siku ya sita katika mashamba ya mpunga.
Sijui. Nimeandika vitabu vya hesabu maisha yangu yote
na hii haifungi.
Ninachojua ni kimoja: ningalishinda ile kesi,
kichuguu kile ningalikitia kufuli,
na ufunguo ungalikuwa papa hapa, shingoni,
nami, saa nane usiku, bondeni, kitandani.

Maji yaliposhuka tulikwenda pamoja kulitazama kanisa.
Kufuli lilikuwa limefunga imara, kama nilivyoliacha.
Ukuta wa nyuma haukuwapo.
Tukaingilia huko.
Kwenye dimbwi chini ya meza ya Bwana
kambare mmoja mnene alikuwa akihema.
Yunia akamtazama kwa muda: hana magamba, kwake si halali.
"Chukua wewe," akasema. "Huyu ni wa Jumapili."

Tukacheka hadi tukashikana tusianguke,
tope magotini,
na ule uzi wa kitani, sijui lini, ukakatika.